Mlango wa Bweni Unafungukia Wapi?

Kila mwanzo wa muhula wazazi tunakuwa na pilikapilika. Fomu ya kujiunga na shule imefika, na orodha yake ni ndefu: godoro, shuka mbili, ndoo, jembe, sare, madaftari, sanduku la bati na kufuli yake. Tunauza mahindi, tunauza mbuzi, tunakopa kwenye kikundi, mwishowe mtoto anapanda basi. Kabla ya hapo tumekwisha kuuliza mengi juu ya shule yenyewe. Imeshika nafasi ya ngapi katika mtihani? Nidhamu yake ikoje? Maji yapo? Chakula kinatosha? Ni maswali mazuri. Lakini ni wazazi wachache mno wanaouliza swali hili: Yakitokea maafa usiku, mwanangu atatokaje pale anapolala?

Huenda msomaji akashangaa kuliona jambo hili katika ukurasa wa afya. Hapa tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na lishe ya watoto. Lakini afya si kukosa homa tu. Mtoto anayelala katika chumba kisicho na njia ya kutokea yumo hatarini sawasawa na yule anayekunywa maji ya dimbwi, ingawa leo wote wawili wanacheka na kucheza mpira. Na kama ilivyo kwa kuhara, kinga ipo, tena sehemu kubwa ya kinga hiyo ni ya bei nafuu.

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Usiku wa tarehe 18 Juni 1994, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua. Walikufa wasichana zaidi ya 40. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa uliowashwa kwa ajili ya kujisomea. Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto katika Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa, Kagera.

Majirani zetu wa Kenya wamepata misiba ya namna hiyo hiyo. Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos. Bweni lile lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024, huko Hillside Endarasha, Nyeri, walikufa wavulana 21. Katika jengo lile moja walikuwa wamelala watoto zaidi ya 150.

Na si moto peke yake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Ilikuwa Jumamosi alasiri, siku ambayo hakuna masomo. Kila mzazi na afikiri ingekuwaje kama kuta zile zingeanguka Jumatatu asubuhi. Februari 2020, katika Shule ya Msingi Kakamega, watoto 14 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi walipokuwa wakitoka darasani kwenda nyumbani. Hapakuwa na moto wala tetemeko. Palikuwa na ngazi na msongamano. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita.

Maafa haya hayakuchagua shule ya serikali wala ya binafsi, ya mjini wala ya kijijini. Vyanzo vyake pia ni tofauti: mshumaa hapa, waya wa umeme pale, kwingine mkono wa mtu, kwingine ardhi yenyewe. Hata hivyo tukiyatazama vizuri tunaona jambo moja. Chanzo cha maafa ni jambo la saa moja, lakini idadi ya watakaokufa mara nyingi huamuliwa miaka mingi kabla, siku fundi anapotundika mlango, anapochomelea nondo au anapopunguza saruji katika ukuta.

MOSHI HUTANGULIA

Watu wengi hudhani kwamba wanaokufa katika moto huuawa na miali ya moto. Mara nyingi sivyo. Huuawa na moshi kabla ya miali kuwafikia. Magodoro ya sponji yakishika moto hutoa moshi mweusi mzito wenye sumu. Ndani ya moshi huo imo hewa ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa hii haina harufu wala rangi. Ikiingia katika damu hushika nafasi ya oksijeni, na mtu hulegea, huchanganyikiwa, kisha huzimia. Mtoto aliyelala usingizi mzito anaweza asiamke kabisa.

Maana yake ni kwamba muda uliopo ni dakika chache tu. Katika dakika hizo hakuna nafasi ya kumtafuta matroni mwenye funguo, wala ya kubomoa ukuta kwa shoka. Mlango unaofungukia ndani nao huwa adui: watoto wa mbele hubanwa na wa nyuma, na kadiri wanavyosukumwa ndivyo mlango unavyozidi kujifunga.

NONDO: ULINZI AU MTEGO?

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na yafaa tuuseme wazi. Nondo za madirishani na kufuli za milangoni hazikuwekwa kwa ubaya. Ziliwekwa kwa sababu wezi huiba magodoro, na kwa sababu wapo wanaume waovu wanaovizia mabweni ya wasichana. Wazazi wenyewe ndio walioziomba. Mkuu wa shule akizing'oa zote kesho, na keshokutwa binti akadhuriwa, tutamlaumu sisi sisi.

Kwa hiyo swali lisiwe nondo au hapana. Swali liwe hili: Je, aliye ndani anaweza kutoka bila ufunguo? Fundi wa kuchomelea anajua kutengeneza wavu wa dirisha wenye bawaba upande mmoja na komeo upande wa ndani. Aliye nje hawezi kulifikia komeo hilo, lakini mtoto aliye ndani hulivuta mara moja na dirisha zima likafunguka. Mlango nao unaweza kufungwa usiku kwa komeo la ndani badala ya kufuli la nje. Na ulinzi wa kweli wa usiku ni mlinzi anayezunguka, taa ya nje, na matroni anayelala jirani na watoto. Kufuli ni kitu cha rahisi tunachokitumia pale tusipotaka kumlipa mlinzi.

Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008, baada ya misiba mingi. Mwongozo huo unataka milango ya bweni iwe na upana wa futi 5 au zaidi na ifungukie nje. Pawe na mlango kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na nondo. Na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Endarasha inatufundisha kwamba mwongozo kwenye karatasi hauokoi mtu mpaka utekelezwe. Lakini kwa mzazi popote alipo, vipimo hivyo ni rula nzuri ya kwenda nayo shuleni.

CHETI CHA UKAGUZI HAKITOSHI

Wapo watakaosema, "Shule yetu imekaguliwa." Ni vema. Lakini tusikie habari ya shule moja ya parokia katika mji wa Chicago, Marekani, iliyoitwa Our Lady of the Angels. Tarehe 1 Desemba 1958, mchana, moto ulianza chini ya ngazi. Watoto 92 na masista 3 waliokuwa wakiwafundisha walikufa.

Shule ile ilikuwa imepita ukaguzi wa zimamoto wiki chache tu kabla ya hapo. Sheria mpya ya mji ilidai ngazi zifungiwe kwa milango ya kuzuia moshi, lakini iliwahusu wenye majengo mapya tu. Jengo la zamani lilisamehewa. Ngazi zilikuwa za mbao na ghorofani zilikuwa wazi, hivyo moshi ulipanda moja kwa moja hadi kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili na kuwazibia watoto njia. Kengele ya shule haikuunganishwa na zimamoto. Madirisha ya juu yalikuwa kiasi cha futi 25 kutoka ardhini. Kuta za nje zilikuwa za matofali imara, na baada ya moto nyingi zilikuwa bado zimesimama.

Jengo lile lilikuwa halali kwa sheria, lakini halikuwa salama kwa watoto. Mkaguzi aliuliza kama sheria imefuatwa. Hakuna aliyeuliza watoto wa ghorofa ya pili watatokaje ngazi zikijaa moshi.

MKUU WA SHULE ALIYEPIMA MWENYEWE

Twende sasa China, tuone mfano wa kinyume chake. Katika mkoa wa Sichuan palikuwa na mkuu wa shule aitwaye Ye Zhiping, wa Shule ya Kati Sangzao. Jengo la madarasa alilolikuta lilijengwa ovyo, naye alikuwa na wasiwasi nalo. Kwa miaka kadhaa aliomba fedha kidogo kidogo, akaimarisha nguzo kwa nondo na zege. Kazi ya kuimarisha iligharimu zaidi ya gharama ya kulijenga jengo lenyewe.

Hakuishia hapo. Kuanzia mwaka 2005 alifanya zoezi la kutoka kila muhula. Kila darasa lilipangiwa ngazi yake. Walioketi mbele walitokea mlango wa mbele, na walioketi nyuma wakatokea mlango wa nyuma. Walimu nao walipangiwa mahali pa kusimama kwenye ngazi. Wapo waliomwona kuwa anapoteza muda wa masomo.

Tarehe 12 Mei 2008 tetemeko kubwa likapiga Sichuan na kuua makumi ya maelfu ya watu, wakiwamo watoto wengi waliofunikwa na shule zao. Huko Sangzao wanafunzi zaidi ya 2,000 walitoka na kujipanga uwanjani kwa dakika 1 na sekunde 36. Hakufa hata mmoja.

JINSI YA KUIPIMA SHULE

Wataalamu wanaopima uwezo wa shule kustahimili maafa hutazama mambo matatu: jengo na mahali lilipo, mipango ya shule, na mafunzo wanayopewa watoto. Kazi ya kupima uimara wa zege ni ya mhandisi. Lakini yako mengi ambayo mzazi yeyote, hata asiyejua kusoma, anaweza kuyaona kwa macho siku ya kuwatembelea watoto. Chukua karatasi, uandike NDIYO, HAPANA au SIJUI. Kila penye SIJUI pahesabiwe kuwa HAPANA mpaka upate jibu.

1. Bweni lina milango miwili au zaidi, mbalimbali, nayo inafungukia nje?

2. Usiku mtoto anaweza kufungua mlango na angalau dirisha moja bila ufunguo?

3. Njia katikati ya vitanda ni wazi, bila masanduku na ndoo? Jaribu kuipita ukiwa umefumba macho.

4. Idadi ya watoto waliolala usiku wa jana imeandikwa mahali, na anayeijua yuko karibu? Bila orodha hiyo hakuna atakayejua nani amebaki ndani.

5. Nyaya za umeme zimefunikwa, wala hakuna soketi moja iliyobebeshwa mzigo wa vifaa vingi? Umeme ukikatika watoto hutumia nini kujisomea? Kama ni mshumaa, taa ndogo ya jua ni bora zaidi.

6. Ukuta una nyufa? Ufa mwembamba wa lipu si wa kutisha. Ufa unaoingia ncha ya kidole, au unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, ni wa kuitia mhandisi. Piga alama ya kalamu ya risasi pale ufa unapoishia na uandike tarehe. Ukirudi muhula ujao utajua kama unakua. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

7. Juu ya madirisha kuna lenta inayozunguka jengo lote, na kenchi za paa zimefungwa humo kwa chuma? Paa lililokalia ukuta tu huondoka na upepo mkali, na katika tetemeko ule ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa huanguka wa kwanza.

8. Shule iko wapi? Chini ya kilima kinachomomonyoka, kwenye bonde la mto, au jirani na mti mkubwa mkavu? Waulize wazee wa kijiji maji yalifika wapi mwaka wa mvua nyingi.

9. Kuna kinga ya radi, na waya wake bado umefika ardhini? Mara nyingi waya wa shaba huibwa, kikabaki chuma cha juu peke yake.

10. Ngazi zina kingo imara, na madarasa hupeana zamu ya kushuka?

11. Mitungi ya kuzimia moto ipo, haijapita muda, na yuko anayejua kuitumia? Ndoo za mchanga zina mchanga kweli?

12. Watoto wamefanya zoezi la kutoka muhula huu, nao wanajua mahali pa kukusanyika?

Ukimaliza, usiyabebe majibu yote kwa uzito mmoja. HAPANA katika swali la 1, 2 au 3 ni jambo la wiki hii: fundi mmoja na siku chache za kazi zinatosha kugeuza bawaba, kuweka makomeo na kusogeza masanduku. Nyufa na paa ni kazi ya mhandisi wa halmashauri. Bodi ya shule imwandikie barua na kutunza nakala. Lenta na kinga ya radi zinahitaji fedha na mpango wa mwaka. Shule maskini haiwezi kufanya yote mara moja, lakini hakuna shule iliyo maskini kiasi cha kushindwa kuacha mlango wazi.

SAA MKONONI

Kipimo kinachozidi vyote ni zoezi lenyewe. Lifanyike usiku, taa zikiwa zimezimwa, bila watoto kujua siku. Mwalimu asimame nje na saa, ahesabu hadi mtoto wa mwisho atoke, kisha majina yaitwe. Mara ya kwanza patakuwa na vurugu na vicheko. Wengine watarudi kuchukua viatu. Ndiyo maana ya zoezi: makosa yatokee siku isiyo na moto. Mtoto mwenye ulemavu apangiwe wenzake wawili wa kumsaidia, wanaolijua jukumu hilo kwa majina.

Watoto wafundishwe kwamba penye moshi watambae, maana hewa nzuri iko chini. Wasijifiche chini ya kitanda wala kabatini. Na wakishatoka wasirudi kwa ajili ya kitu chochote. Ardhi ikitetemeka, aliye darasani ajikunje chini ya dawati, alishike na kukinga kichwa hadi mtikisiko uishe, kisha atoke kwa utaratibu. Radi ikinguruma, wote waingie ndani ya jengo kubwa. Wasisimame chini ya mti. Na namba ya zimamoto nchini Tanzania, 114, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

HUDUMA YA KWANZA

Mtoto aliyeungua: Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi, si barafu, kwa muda wa dakika 20. Mvue pete, bangili na nguo zisizogandamana na ngozi. Funika kwa kitambaa safi, kisha mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, samli, yai wala unga, na usipasue malengelenge.

Mtoto aliyevuta moshi: Hata kama anatembea na kuzungumza, apelekwe hospitali usiku ule ule. Sauti ya kukwaruza, masizi puani au mdomoni, kikohozi na maumivu ya kichwa ni dalili za hatari. Koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye na kuziba pumzi.

Mtoto aliyepigwa na radi: Mshike bila hofu, maana mwili wake haubaki na umeme. Kama hapumui, anza mara moja kumpa pumzi na kumkandamiza kifua. Wengi huokoka kwa njia hiyo.

Tusisahau moyo wake pia. Aliyeokoka anaweza kukojoa kitandani, kushtuka usingizini, kukataa shule au kunyamaza kabisa. Wengine hujilaumu kwa kuwa wamepona na rafiki amekufa. Asichapwe wala asiambiwe ajikaze. Akae na watu anaowaamini, aruhusiwe kusimulia anapotaka, arudi taratibu katika ratiba yake. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja, aonwe na mtaalamu.

KUFIKISHA NENO

Mzazi mmoja akienda ofisini kulalamika juu ya mlango, ataonekana msumbufu. Wazazi kumi wakienda na karatasi yenye maswali 12 na majibu yake, hao ni kamati. Waongee kwa heshima, maana mkuu wa shule naye ana hofu zake na bajeti ndogo. Watangulize kile wanachoweza kutoa wenyewe: huyu ni fundi wa kuchomelea, yule ana mbao, mwingine ataleta mfuko wa saruji. Katika parokia zetu tumejenga makanisa kwa njia hiyo hiyo.

Basi siku ya kutembelea watoto, ukishampa mwanao sabuni na karanga ulizomletea, mwombe akuonyeshe kitanda chake. Kisha mwambie akuongoze kutoka pale hadi nje, kama vile ni usiku na taa hakuna. Hesabu hatua, na ukifika mlangoni, uusukume.